Dua ya Mwenye Mtende

Kina mama wa Ibra, Omani, wakikutana na Fawziya binti Yaqoob kwenye soko la Jumatano, huwashika mkono vijana wao wenye ndevu na kuwaambia, "Msalimie huyu, ndiye aliyekupiga kofi lako la kwanza duniani." Fawziya alikuwa mkunga wa hospitali ya mji tangu wodi ya wazazi ina vitanda vichache na taa inayozimika. Alistaafu akiwa na magoti mabovu na jina la Sista, ambalo watu walilitumia kama vile alizaliwa nalo. Mikono yake ilijulikana katika kila nyumba. Yeye mwenyewe alipokewa na mikono ya nani, na wapi, hakuna aliyejishughulisha kumwuliza, mpaka Maen alipotaka kuoa.

Maen ni mtoto wa kaka yake. Kaka huyo alikufa kwa ajali ya gari njia ya Sur, mama mtu akaolewa kwingine, na mtoto akabaki kwa shangazi yake, ambaye hakuolewa wala hakuzaa. Fawziya alimlea kwa mshahara wa zamu za usiku na kwa Kiswahili cha Wete, Pemba, alikozaliwa yeye kabla baba yake hajamleta Omani akiwa msichana mdogo. Maen alisoma, akapata kazi kwenye mtambo wa gesi karibu na Sur, na huko akaonana na Wiam, mhandisi kama yeye. Wakapendana kwa heshima zao. Kilichobaki kilikuwa posa.

Baba yake Wiam ni Nasr, mwenye duka la mashine za boti pale Sur, mtu mnene wa sauti na mwepesi wa kucheka. Aliwapokea vizuri Fawziya na Maen, kahawa na halwa zikaletwa. Halafu akafuta vidole akasema:

"Kijana namwona. Kazi yake naijua, tabia yake nimeiulizia, sina neno. Lakini nyie ni nani, Sista?"

"Sisi ni watu wa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hijrat Sidr, nyuma ya Ibra. Babu yangu, Amur bin Zahran, ndiko alikotoka akaenda Pemba."

"Na huko nani anakujueni?"

Fawziya aliweka finjani chini. Nasr akasogeza sahani ya halwa mbele yake, kama mtu anayempa mgonjwa dawa.

"Usinielewe vibaya. Mimi binafsi sijali. Lakini nina kaka zangu na watoto wa ami zangu, wataniuliza, nami niwajibu nini? Nimemwoza binti yangu kwa mtu wa gesi? Karatasi sitaki, karatasi kila mtu anayo. Nataka nisikie kwa masikio yangu kinywa kimoja cha mtu wa kijiji hicho kikisema: huyu ni wetu. Kimoja tu. Nikikisikia, binti ni wenu. Nisipokisikia, tusalimiane kwa wema."

Ndivyo tulivyo, mwaka huu tulio nao, na barabara zetu nzuri na simu zetu za bei. Kijana anaaminiwa kukaa zamu peke yake mbele ya mitambo inayoweza kuuteketeza mji, lakini haaminiwi kumwoa mwanamke aliyemkubali mpaka aseme babu wa baba yake alilala chini ya mwembe au chini ya mtende. Na anayeuliza swali hilo husema yeye hajali, ni ndugu zake. Ndugu zake ukiwauliza watasema nao hawajali.

Njiani kurudi Ibra, Maen alipiga usukani kwa kiganja.

"Mimi nimewauliza wao bibi zao wametoka wapi? Nusu ya nyumba za Sur zina bibi wa Lamu ndani!"

"Tazama mbele," alisema Fawziya. "Gari haiendeshwi kwa hasira."

Lakini hasira yeye pia alikuwa nayo, kwa sababu aliijua habari ambayo Maen hakuijua. Baba yake, Yaqoob, aliwahi kwenda Hijrat Sidr mwaka ule ule waliorudi. Alivaa kanzu mpya, akafunga kilemba kwa msaada wa jirani maana alikuwa hajazoea. Alirudi mchana ule ule, akavua viatu mlangoni, akasema, "Kijiji kile hakina maji ya kutupa sisi." Hakulitaja tena jina la kijiji mpaka anakufa.

Kitu kingine walichokuja nacho kutoka Pemba kilikuwa kichekesho cha mtaa. Jua likizama mwezi wa Ramadhani, kabla ya tende kuingia mdomoni, watu wa nyumba yao walikuwa wakisema dua isiyosemwa na mtu mwingine. Babu Amur ndiye aliyewafundisha, kwa Kiarabu, na maana yake ilikuwa hivi: Mola mrehemu mwenye mtende, na aliyeumwagia maji, na aliyeuangua, na wetu popote walipo. Kisha wote husema amina, ndipo huruhusiwa kula. Fawziya alikua akidhani Waislamu wote husema hivyo. Alipofika Omani akadhani ni ya Wapemba. Wapemba wa Maskati walipomwambia hawaijui, akajua basi ni ya nyumbani kwao tu, akaishikilia kwa ukaidi.

"Sista, hiyo mmeitunga wapi?" jirani yake Balqis humtania kila mwaka. "Watu waombea wazazi wao, wewe waombea mitende!"

Fawziya na Maen wakaenda Hijrat Sidr wiki mbili kabla ya Ramadhani. Ni kijiji kilichojibana kati ya jabali na bonde, nyumba mpya za saruji mbele, nyumba za udongo zinazobomoka nyuma, na katikati yake shamba la mitende na falaji, ule mfereji wa maji, unaopita chini ya ukuta wa msikiti. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye sabla, ukumbi wao wa mazungumzo. Mwanamke haingii sabla, kwa hiyo Maen aliingia akakaa, na Fawziya akasimama kizingitini na mkoba wake kifuani.

Mkubwa wa pale alikuwa Shekhe Khattab, mzee mkavu, mrefu, mwenye bakora aliyoilaza mapajani. Alimwacha Maen aseme yote, nasaba baba kwa baba: Maen mjukuu wa Yaqoob bin Amur bin Zahran. Akamwacha anywe finjani moja. Kisha akasema:

"Hatumjui."

Waliobaki walitazama zulia.

"Amur bin Zahran," alirudia Maen. "Alikwenda Pemba kijana—"

"Wengi walikwenda Sawahil. Wengine walikufa huko. Na wengine wanarudi siku hizi na majina waliyoyaokota njiani, wakidhani sisi tumelala."

Fawziya hakuweza kunyamaza. "Shekhe Khattab, unanijua mimi."

Mzee akamgeukia taratibu. "Nakujua, Sista. Mikono yako tunaijua, Mungu aibariki. Asili yako hatuijui."

"Mwanao wa mwisho alikuja kwa miguu kwanza," alisema Fawziya, "na mama yake amekwisha nguvu. Sikumwuliza asili yake kabla sijamvuta."

Mtu mmoja pembeni alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Khattab alisimamisha bakora. Kuzungumziwa uzazi wa mkewe mbele ya wanaume, na mwanamke, kizingitini mwa sabla! Aliinuka akatoka kwa mlango wa pili, na sabla yote ikainuka nyuma yake. Maen akabaki na finjani mkononi, bila mtu wa kuipokea.

Nje mtu aliyekuwa na jembe aliwaambia gari yao imeziba njia ya maji, na wala haikuwa imeziba. Walipita makaburini. Kule makaburi hayaandikwi, ni mawe matupu yaliyosimamishwa kwenye changarawe, na jiwe la Shekhe halitofautiani na jiwe la mchunga mbuzi. Fawziya siku zote aliipenda desturi hiyo, aliiona ya haki. Siku ile aliichukia. Mawe yote yalimnyamazia kama wale waliokuwa sabla.

"Tuondoke, Shangazi," alisema Maen. "Mji hii haina adabu."

"Mji huu hauna adabu. Hata ukitukana, tukana kwa Kiswahili safi."

Kijana akacheka bila kutaka. Kisha akasema hamtaki tena Wiam kama bei yake ni hii, na shangazi yake akamwambia asiseme uwongo, amtazame machoni. Hakuweza kumtazama. Fawziya akajua kwamba wakishindwa kwa Nasr, mtoto huyu atakuwa kama Yaqoob, mtu aliyeguswa mahali fulani na asiyetaka paguswe tena. Hilo ndilo alilokataa. Mtende wa mtu hakuutaka, ardhi hakuitaka. Alitaka kinywa kimoja tu.

Akafikiri: sabla ina wenyewe, lakini msikiti ni wa Mungu, na saa ya futari hafukuzwi mtu. Siku za mwanzo za Ramadhani alimwambia Maen amteremshe Hijrat Sidr kabla ya magharibi, na akae garini. Aliingia kwenye chumba cha wanawake, kilichojengwa ubavuni mwa msikiti, chenye dirisha la pazia linaloangalia uani, ambako wanaume hutandikiwa mikeka. Wanawake walimwona wakajisogeza, si kumpa nafasi bali kuiondoa. Kati yao alikuwa Tufool, dada yake Khattab, mwanamke mzito mwenye pete kila kidole.

"Wewe tena?" alisema Tufool.

"Mimi tena. Nimefunga kama wewe."

"Wafungao wana nyumba za kufuturia."

Hata hivyo sahani ya tende ilizungushwa, na Tufool akaisukuma mbele ya Fawziya kwa ncha ya kidole. Adhana ikaadhiniwa. Fawziya akachukua tende, akaifikisha karibu na mdomo, akaona hakuna anayekula. Wote walikuwa wameshika tende mkononi, wakingoja. Na kupitia pazia, kutoka uani, akaisikia sauti ya imamu, kijana aitwaye Ammar:

"Mola mrehemu mwenye mtende, Amur bin Zahran, na aliyeumwagia maji, na aliyeuangua, na kizazi chake popote kilipo."

"Amina," walisema wanaume uani.

"Amina," walisema wanawake, wakala.

Fawziya hakula. Tende ilimwanguka mapajani. Alisikia ukumbi mzima wa nyumba ya Wete ukimrudia, babu yake amekaa kitako, kofia mkononi, akisema maneno yale yale, ila jina lake mwenyewe amelificha kwa aibu ya kujiombea. Na mwishoni, pale babu aliposema "wetu popote walipo", hawa walikuwa wakisema "kizazi chake popote kilipo". Yeye kule akiwaombea wao, wao huku wakiwaombea watoto wake, kila jioni ya Ramadhani, miaka na miaka, na katikati pana bahari na uwongo wa mzee mmoja.

"Amur bin Zahran," alisema Fawziya kwa sauti. "Mnayemwombea ni nani?"

Wanawake wakamtazama Tufool. Tufool alitafuna, akameza.

"Ni mwenye mtende wa msikiti. Alisafiri, akauacha wakfu kwa futari. Akaweka sharti, asiyemwombea asiule. Basi. Hata mtende wenyewe ulishakufa, ule uliopo ni chipukizi lake."

"Na kakako ananiambia hamumjui."

"Muulize kakangu," alisema Tufool, akageuza mgongo.

Akamwuliza. Baada ya sala alimngoja kwenye kidaraja cha falaji, mahali ambapo lazima apite. Khattab alipomwona alitaka kurudi, akaona watu wanatazama, akaja.

"Umesema amina," alimwambia Fawziya. "Kizazi chake popote kilipo. Umesema amina kila mwaka wa umri wako."

"Mtende tunaujua," alisema Khattab. "Nyie hatuwajui."

"Mtende ukifa mnapanda chipukizi lake, mnaliita kwa jina lile lile. Mimi mbona mnaniita mgeni?"

"Chipukizi lile limepandwa udongo ule ule." Alisogea, sauti akaiteremsha, na kila neno lilitoka limenyooka kama alilinoa kwa miaka. "Babu yako aliandikiwa arudi. Aliwekewa binti ami yake, shangazi yangu mimi, amekaa ndani anamsubiri mpaka nywele zikamgeuka. Yeye huko akaoa mtumwa."

"Alioa bibi yangu. Jina lake Mize."

"Sitaki jina lake."

"Utalisikia."

"Hakuna mtu wa kijiji hiki atakayefungua mdomo kwa ajili yenu. Nimeshawaambia wote."

"Wanaufungua kila magharibi," alisema Fawziya, "na wewe wa kwanza."

Alimpigia simu Nasr siku ya pili. Nasr alilalamika: kutoka Sur mpaka huko, na funga, kwa ajili ya tende? Fawziya akamwambia, "Uliomba kinywa. Njoo ukakisikie." Nasr akaja, kwa udadisi zaidi kuliko kwa mapenzi. Alimkuta Maen kwenye kituo cha petroli, wakaongozana magari mawili.

Mgeni ni mgeni. Khattab alipomwona mtu wa Sur mwenye heshima zake ameingia uani, hakuwa na namna, alimpokea kwa mikono miwili na kumkalisha ubavuni mwake. Maen alikaa chini kabisa ya mkeka, pamoja na wafanyakazi wa Kibangali wa mashambani, ambao hufuturu pale kila siku. Wao walimpisha vizuri, mmoja akampa karatasi ya kufutia mikono. Fawziya alikuwa nyuma ya pazia. Hakuna aliyemsogelea, hata sahani haikumfikia. Alikuwa na tende moja aliyoiokota mapajani mwake siku ile, amekuja nayo kwenye mkoba.

Khattab hakuwa mjinga. Alipomwona Maen alielewa yote. Aliinama akamnong'oneza Ammar neno sikioni, na uso wa imamu ukabadilika.

Adhana ikaisha. Kimya.

Watu walikuwa na tende mikononi. Mchana ulikuwa wa joto lisilo la msimu wake, midomo imekauka, na kila Muislamu anajua kwamba kuchelewesha futari haipendezi. Wakamtazama imamu. Imamu akatazama mkeka. Kimya kikarefuka mpaka maji ya falaji yakasikika chini ya ukuta.

"Shekhe," alisema Nasr, "mbona hamli?"

Khattab alifungua mdomo, lakini Ammar akamtangulia, kwa sababu alikuwa kijana na uwongo ulikuwa haujamzoea. "Tende hizi zina dua yake. Haziliwi kabla."

"Basi ombeni, jamani!"

Ammar hakuomba. Hapo ndipo pazia lilipotikisika, na sauti ya mwanamke, sauti iliyozoea kuwaamrisha wanaume wakae nje na wanawake wasukume, ikatoka dirishani mwa msikiti wa Hijrat Sidr:

"Mola mrehemu mwenye mtende, Amur bin Zahran. Na mkewe Mize wa Wete. Na mwana wao Yaqoob, aliyekuja hapa na kanzu mpya akarudishwa mlangoni. Na aliyeumwagia maji, na aliyeuangua. Na kizazi chake popote kilipo, na jioni hii kipo hapa, Maen yuko mkekani, na mimi nipo dirishani."

Nyuma ya pazia Tufool alimvuta shungi. "Nyamaza, umelaaniwa! Sauti yako kwa wanaume!"

Fawziya alilishika dirisha kwa mikono miwili, hakuachia.

Wa kwanza kuitikia walikuwa Wabangali. Hawakujua ugomvi ni wa nani. Walichojua ni kuwa dua imesemwa, na wao wana njaa tangu alfajiri wako juani. "Amina!" walisema kwa pamoja, wakala. Akafuata mtu wa jembe, yule wa njia ya maji, kwa sauti ya chini kama anayejisemea. Akafuata kijana mmoja, akafuata mwenziwe. Mzee aliyecheka siku ya sabla alisema amina akaongeza, "Na Mungu awasamehe waliomrudisha Yaqoob, maana nilikuwepo." Mwishowe Ammar akasema amina kama imamu anavyosema, wazi, na uani ukajaa kutafuna.

Khattab alikuwa bado na tende yake. Aliitazama. Akairudisha sahanini, akafuta mikono, akachukua bilauri ya maji.

"Na wewe, Shekhe?" aliuliza Nasr.

"Mimi nafuturu kwa maji."

Nasr aliitazama ile tende. Alikuwa mtu wa duka, alijua mtu anapoacha kitu kizuri mezani anaacha kwa sababu gani. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua ile ile tende aliyoirudisha Khattab, akaila, akaiweka kokwa yake kwenye ukingo wa sahani mbele ya mzee.

"Nilitaka kinywa kimoja," alisema.

Wakati wa kuondoka, Nasr alimfuata Fawziya kwenye gari, amejaa furaha ya mtu aliyefanya jambo la kishujaa. "Sista, mje tuzungumze mahari. Umeniaibisha, lakini mje."

"Tutakuja," alisema Fawziya. Hakutabasamu. "Na siku hiyo na wewe utanitajia bibi zako, mmoja mmoja, mpaka wa Lamu. Wangu nimeshamtaja mbele ya msikiti mzima."

Nasr alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kimepungua kitu. Maen aligeuka haraka kuangalia tairi.

Khattab alikuwa amesimama kidarajani. Fawziya alipita mbele yake bila kupunguza mwendo.

"Umemwoza mwanao kwa njaa ya watu," alisema mzee.

"Na nyie mmefuturu kwa babu yangu mkamfukuza mwanawe," alijibu. "Mimi nimechukua jioni moja tu."

Hawakupeana mkono, wala hawajapeana mpaka leo. Wapo watakaotaka niseme mzee alilainika, akaja arusini na sinia la zawadi. Hakuja. Watu kama Khattab hawalainiki, na sisi vijana tumepoteza muda mwingi kungoja walainike.

Alichofanya ni hiki. Wiki ile ile aliagiza maboksi ya tende kutoka Nizwa, tende nzuri, za bei, akayapanga uani kwa mkono wake na kutangaza kwamba Hijrat Sidr haina haja ya wakfu wa mtu. Habari hiyo Fawziya aliipata kwa Tufool mwenyewe, aliyempigia simu mchana kweupe ili amtukane.

"Umetugawanyia msikiti, mwanamke wewe! Mikeka miwili sasa! Huku tende za Nizwa, huku tende za babu yako!"

"Na mkeka wa Nizwa nani anaukalia?"

Tufool alivuta pumzi.

"Kakangu."

"Na nani?"

"Mgeni mmoja alipita juzi."

Fawziya alikuwa anakunja nguo za Maen za posa. Aliweka simu begani akaendelea kukunja. "Na wewe, Bi Tufool, unakula zipi?"

"Mimi nina kisukari. Sili tende yoyote."

"Amina haina sukari," alisema Fawziya, akakata simu yeye wa kwanza.